Mbuzi wa Mama Kurwa

Jumatatu, 22 Agosti 1994

Daftari hili ni la maandalio ya masomo. Niliondoka nalo shuleni nilipostaafu mwezi wa sita, na mwalimu mkuu alipouliza kama ninalo nilimwambia hapana. Kwa miaka thelathini na moja nimejaza madaftari ya namna hii mambo ambayo hakuna aliyeyasoma ila mkaguzi. Sasa naandika ya kwangu, na mkaguzi ni mbuzi.

Ndilo jina nililompa, Mkaguzi. Anapenyeza shingo kati ya fito za banda, ananitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha anageuka kama mtu aliyekuta kilekile alichokitegemea. Ni mbuzi wa maziwa, mweupe, masikio marefu, mimba imeshuka. Mradi wa kanisa umegawa kumi Jumamosi kwa akina mama wa kikundi, Wakristo na Waislamu bila kubagua. Sharti ni moja. Mtoto jike wa kwanza alelewe miezi mitatu, kisha apewe mwanamke anayefuata kwenye orodha. Ukishamtoa huyo, mama mtu ni mali yako na hudaiwi tena.

Anayenifuata mimi ni Stamili, Mama Kurwa. Kijiji kizima kimejaa wanawake na kura imekwenda kumwokota huyo, ambaye kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa minyaa tu. Nilimwomba mwenyekiti wetu, Mama Isaka, airudishe ile karatasi ndani ya kofia. Akasema, kura ni kura, Mwalimu. Na kusoma nilimfundisha mimi.

Mimi na Mama Kurwa hatusemezani tangu mwaka 1990. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka kumi, na shikamoo yake sijaisikia miaka minne. Siihitaji.

Ijumaa, 26 Agosti

Vumbi. Mkaguzi amekula nusu ya kanga yangu.

Jumanne, 30 Agosti

Amezaa leo saa nne asubuhi, mbele ya macho yangu na mbele ya Mama Kurwa, aliyesimama upande wake wa ua akijifanya anaanika mihogo. Mapacha. Wa kwanza jike, mdogo, miguu imemzidi urefu. Wa pili dume, kichwa kikubwa, akaanguka na kusimama papo hapo kana kwamba ameitwa jina lake. Huyo nimemwita Monita. Jike sikumpa jina. Mtu hampi jina mtoto wa mwenzake.

Niliwafuta pua kwa kitambaa, nikafunga vitovu kwa uzi na kupaka dawa kama tulivyoelekezwa, nikawasogeza wanyonye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Monita alishika mara moja. Yule jike, mama yake alimnusa, akampiga teke. Nikamrudisha, akampiga tena. Nilipopapasa nikagundua kwamba chuchu ya kushoto haitoi kitu. Maziwa ni ya mmoja, na Mkaguzi ameshachagua.

Sauti ikatoka ng'ambo ya ua, ya kwanza kuelekezwa kwangu tangu 1990.

"Wangu anapigwa."

"Naona," nilisema.

"Unaona, na umekaa."

Nilikamua dang'a kwenye kikombe nikamnywesha yule mdogo kwa kijiko, tone kwa tone, mpaka mgongo ukaniuma. Si kwa ajili ya Mama Kurwa. Mbuzi hajui mambo yetu.

Ijumaa, 2 Septemba

Chupa ya soda na chuchu ya mpira kutoka duka la dawa. Mara sita kwa siku. Nina miaka hamsini na sita na nimekuwa yaya wa mbuzi wa Stamili.

Jumatano, 7 Septemba

Maji ya bomba hayajatoka tangu Julai. Mashine ya bondeni inangoja kipuri, wanasema. Zamani ilikuwa inangoja mafuta. Wauza maji wa baiskeli wanakuja wanapotaka na kumpa wanayemtaka. Hii ndiyo biashara huria tunayoambiwa, yaani kila mtu yuko huru kukunyima.

Kisima changu cha kukingia mvua kina ufa na kilikauka mapema. Cha Mama Kurwa ni cha saruji. Mumewe alikijenga miaka ya korosho nzuri, kabla hajakwenda Mtwara na kusahau njia ya kurudi. Kina maji ya kumfikisha hadi mvua nyingine, na amekitia kufuli.

Mbuzi anayenyonyesha anataka ndoo nzima kwa siku. Leo nimempa nusu, na jioni amenipa kikombe kimoja tu. Nilimwacha Monita anyonye, yule jike nikampa uji mwembamba. Aliutema. Alilia mpaka jua likazama, na najua alisikika ng'ambo.

Alhamisi, 8 Septemba

Asubuhi nimekuta ndoo imejaa maji, imefunikwa ungo, pembeni mwa ua upande wangu. Mama Kurwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Hayo ni ya mbuzi," alisema. "Mama yake anywe, atoe maziwa, wangu anyonye. Si ya kupikia. Si ya kuoga."

"Nani amekuomba?"

"Wewe hujaniomba. Wangu ndiye aliyeniomba, jana kutwa."

Nilitaka kuimwaga mbele ya macho yake. Mkono ulishafika kwenye kishikio chake. Lakini Mkaguzi alikuwa ameshaingiza mdomo, anakunywa kwa kelele, na huwezi kumpokonya mzazi maji. Nilisimama pale, yeye amesimama pale, mpaka ndoo ikaisha. Alihakikisha imeisha. Ndipo akaichukua.

Jumatano, 14 Septemba

Ndoo kila asubuhi, na yeye analinda nisichote hata kikombe. Mimi naoga kwa kopo moja, siku moja moja. Nanuka.

Leo kanituma kabisa. Anasema fito za banda zina nafasi kubwa, wangu atanasa mguu. Nilimwambia nimefundisha sayansi kimu miaka kumi. Akasema, "Basi mfundishe yeye pa kukanyaga." Alipoondoka nikaziba zile nafasi kwa vipande vya mbao. Ningeziba hata hivyo.

Jumanne, 20 Septemba

Darasa la saba wanafanya mtihani. Nimekaa uani nampa chupa yule mdogo, na kengele ya shule nimeisikia kila ilipogongwa.

Kurwa, binti wa Stamili, alikuwa wa pili darasani mwaka 1990. Pacha wake alikufa mchanga, akabaki huyo mmoja. Mimi nilikuwa mwalimu wa malezi na kila mwezi tuliwapima wasichana. Mwishoni mwa Julai nilimkuta na mimba ya miezi minne. Nililipeleka jina lake kwa mwalimu mkuu, likasomwa mstarini, nikalikata kwenye rejista kwa kalamu nyekundu. Ndivyo sheria inavyosema. Mama yake alikuja akapiga magoti kwenye kokoto za ofisini kwetu, akaniomba ninyamaze wiki saba tu, afanye mtihani kwanza, tumbo lilikuwa bado halionekani. Nilimwambia asinifundishe kazi.

Kurwa sasa yuko Masasi, anapikia watu. Mtoto amemwachia bibi yake, ni yule wa kike mwenye miguu myembamba anayechungulia kwenye minyaa. Nadhani maziwa ya mbuzi yanangojwa kwa ajili yake.

Sheria sikuitunga mimi.

Jumapili, 2 Oktoba

Mabibo ya korosho yanaanguka kila mahali. Mkaguzi amekula yaliyochacha, akalewa, akalala ubavu anakoroma. Mama Kurwa alisema kutoka ng'ambo, "Unamnywesha wangu maziwa ya mlevi." Ilibidi niingie ndani ili asinione nacheka.

Alhamisi, 6 Oktoba

Upele. Umeanza kwa Monita masikioni ukahamia kwa mwenzake. Erasto, aliyekuwa bwana mifugo wetu, alipunguzwa kazini mwaka jana. Siku hizi anazunguka na baiskeli yake kama fundi cherehani, leo Lupaso, kesho Lukuledi, na kumpata ni bahati. Lakini kwa upele nani anahitaji bwana mifugo? Salfa tunayopulizia mikorosho, ile ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, hapa kwetu inatibu pia upele wa watoto, viroboto wa kuku na vidonda vya mbwa. Mimi mwenyewe nimewapaka salfa wanafunzi kwa miaka thelathini.

Zamani salfa ilitoka kwenye chama cha ushirika, mifuko imeshonwa, ina maandishi. Sasa kila mwenye meza anauza. Nimenunua sokoni Newala kwa mfanyabiashara mgeni. Amenipimia kwa kikopo, kutoka gunia lisilo na maandishi hadi mfuko wa nailoni. Rangi yake ya manjano imefifia, na harufu si ile ya kiberiti niliyoizoea. Nilimwuliza. Akasema ni salfa mpya ya kutoka nje, kali zaidi. Kila kitu siku hizi ni kipya na kimetoka nje.

Jumamosi, 8 Oktoba

Naandika nikiwa nimetulia, ili haya yawe ushahidi.

Asubuhi niliwapaka watoto wote wawili salfa mwili mzima, nikaikandamiza vizuri kwenye manyoya. Kisha nikaenda Newala kufuatilia barua ya kustaafu kwangu, ambayo haikuwepo. Nilirudi saa nane mchana. Mlango wa banda wazi. Monita yumo, amejilaza kwa mama yake. Jike hayumo.

Nikasikia maji yanamwagika ng'ambo ya ua. Maji, tena mwezi wa kumi. Niliapa sitakanyaga uwanja wa nyumba ile, lakini nilipita katikati ya minyaa, utomvu ukanichoma mkono wote. Mama Kurwa alikuwa amepiga magoti kando ya kisima. Mtoto wa mbuzi yumo ndani ya beseni, maji hadi shingoni, anasuguliwa kwa sabuni ya mche. Ndoo tatu tupu ziko pembeni. Mbuzi anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka.

"Unamzamisha," nilisema.

"Umempaka nini huyu?"

"Wewe umeingia kwangu sipo, umeiba mbuzi."

"Nimesikia analia kilio kibaya. Umempaka nini, Mwalimu?"

"Si wako mpaka nikukabidhi."

Nikamshika mbele, yeye amemshika nyuma. Mbuzi akalia. Mama Kurwa akaachia. Nilimfunga kwenye sweta yangu nikarudi naye kwa njia ileile ya minyaa, huku nikimwita mwenzangu maneno ambayo mwalimu hayasemi, na moja kati ya hayo lilikuwa mchawi. Nilisema kwa sauti. Walionisikia ni wengi.

Jioni Monita amekataa kunyonya. Miguu inamtetemeka, povu mdomoni, mboni za macho zimesinyaa zikawa tundu la sindano. Sasa naelewa. Aliwalisha kitu wote wawili, ili nikose hata huyu wangu.

Jumapili, 9 Oktoba

Monita nimemkuta amekufa asubuhi. Nimemfukia chini ya mkorosho mwenyewe, kwa jembe langu. Mkaguzi anatokwa na mate lakini amesimama. Jike amekunywa nusu chupa. Kanisani sikwenda. Nilikwenda kwa Mama Isaka.

Jumatano, 12 Oktoba

Kikundi kimekaa. Mama Isaka alifungua kwa sala, kisha akamwuliza Mama Kurwa kwa nini alimtoa mbuzi bandani.

"Alikuwa na unga mwilini na anatoa mate. Nikamwosha."

"Unga gani?"

"Salfa," nilisema mimi. "Nani hapa hajampaka mwanawe salfa?"

Walicheka, hata wazee. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wakati ule niliona vizuri kwamba nimeshinda.

Isabela, ambaye jina lake liko chini ya Mama Kurwa kwenye orodha, alisimama. "Ndoo tatu," alisema. "Mwezi wa kumi. Mimi mwanangu sijamwogesha ndoo tatu tangu nimzae. Mtu amwagie mbuzi maji yote hayo, halafu aseme ni kwa nia njema?"

Hilo ndilo lililowaingia. Hapa kwetu mtu akikuambia amemwaga maji bure katika kiangazi, unajua kuna jambo.

"Na yule dume?" Mama Isaka aliuliza. "Kama uliona ni sumu, mbona hukumwosha na yeye?"

Mama Kurwa alinitazama mimi, si yeye. "Yule si wangu. Ningemgusa, Mwalimu angesema nini?"

Wanawake wakaguna. Jina lake likakatwa na la Isabela likapanda. Mama Isaka alitafuta kalamu, na iliyopatikana ilikuwa yangu, nyekundu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Hakuna ndoo. Vizuri.

Jumatano, 19 Oktoba

Erasto amepita kukagua mbuzi wa mradi. Nilimweleza kuhusu uchawi, akaomba kuona salfa. Alinusa mfuko mara moja tu, akageuza uso.

"Mwalimu, hii si salfa tupu. Imechanganywa na dawa ya wadudu, ile ya kuhifadhia mahindi ghalani. Ukimpaka mbuzi mdogo inaingia kwenye ngozi. Akijilamba, ndiyo basi. Alikuwa anatoa mate?"

"Ndiyo."

"Anatetemeka, mboni zimekuwa ndogo?"

"Ndiyo."

"Kijijini dawa yake ni moja. Umwoshe haraka, sabuni na maji mengi. Huyu aliyepona, nani alimwosha?"

Nikasema, "Mimi."

"Hongera. Umemwokoa."

Sijui neno lile lilitoka wapi, lakini lilitoka bila kukwama. Nilimwuliza kama atalisema jambo la mfuko kwa Mama Isaka. Akasema siku hizi yeye analipwa kwa kuja, kusema hakumo. Akapanda baiskeli yake.

Nimeufukia mfuko karibu na Monita.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nilikwenda sokoni kumtafuta yule mfanyabiashara nimtukane. Meza yake sasa inauza mitumba.

Jumatatu, 24 Oktoba

Jike amekula jani lake la kwanza la lusina, ule mti wa malisho. Akaruka pembeni kwa miguu yote minne, akashangaa mwenyewe. Hakuna wa kumwambia.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimeshuka bondeni kuchota maji, kutoka saa kumi na mbili hadi saa nne kasoro, magoti hayataki. Wanawake kwenye foleni wanamwita jirani yangu Mama Beseni. Wanasema hakuna anayemwomba maji tena, wanaogopa kisima chake. Mmoja alisema ameondoa kufuli ili watu waone hakuna kitu ndani ila maji, na bado hakuna anayekwenda. Walicheka. Mimi nilikuwa najaza dumu langu.

Nilipofika nyumbani nilichungulia kwenye minyaa. Kweli, kufuli limeondolewa. Kata imewekwa juu ya mfuniko, safi.

Jumapili, 6 Novemba

Mawingu, hakuna mvua. Mahubiri marefu.

Jumamosi, 12 Novemba

Yule mtoto wa Kurwa amekuja kwenye ua wakati nampa mbuzi chupa.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mbuzi wetu hajambo?"

"Hajambo."

"Anakuja lini?"

Bibi yake alimwita ndani kabla sijajibu. Nilishukuru. Kisha chupa ikamalizika na mbuzi akaendelea kunyonya hewa, na sikugundua.

Jumamosi, 19 Novemba

Isabela amekuja kutazama atakachopewa. Alimbinya mbavu, akampima mgongo kwa kiganja, akaniuliza kama atanenepa kufika Krismasi. Nilimwambia huyu ni mbuzi wa maziwa. Akasema, "Akishakuwa wangu, Mwalimu, ataitwa ninavyotaka mimi." Ana haki. Nilimtoa kwa adabu kidogo niliyobakiwa nayo.

Ninamchukia Isabela. Nimejaribu jioni nzima kumchukia Mama Kurwa kama zamani, na chuki haishiki. Wiki saba alizoniomba zingenigharimu nini? Kufunga mdomo. Nimeufunga sasa, bila kuombwa na mtu, na sijaona ugumu wowote.

Jumamosi, 26 Novemba

Siku ya kukabidhi. Alfajiri nilikwenda na jembe pale kwenye mkorosho nikafukua ule mfuko.

Kikundi kilikaa nje ya kanisa, wanawake kumi na saba, mbuzi sita kwenye kamba. Mama Kurwa hakuwepo, hakuwa na cha kufuata. Mama Isaka aliita, "Mwalimu Yuster kwa Isabela." Isabela akanyoosha mkono kushika kamba.

Sikumpa. Niliweka mfuko mezani, na kwa sauti yangu ya darasani, maana ndiyo pekee niliyonayo, niliwaambia kwamba sumu niliipaka mimi, kwa kudhani ni salfa. Kwamba Monita nilimuua mimi. Kwamba huyu alipona kwa sababu Mama Kurwa alimwosha kwa ndoo tatu za maji yake. Kwamba Erasto aliniambia yote tarehe kumi na tisa Oktoba, na nikamwambia nilimwosha mimi, na nimekaa na neno hilo wiki tano na siku tatu.

Mwanamke mmoja akaanza kujikuna mkono, kisha mwingine. Nadhani kila mmoja alikuwa anafikiria kikopo chake cha salfa nyumbani.

"Orodha ilishakatwa," Isabela alisema.

"Iandikwe upya."

"Itabidi kikao," alisema Mama Isaka.

"Fanyeni kikao," nilisema. Nikaondoka na mbuzi.

Mama Kurwa alikuwa anabangua korosho, mikono myeusi kwa mafuta yake. Safari hii nilizunguka njia, nikapiga hodi. Hakunikaribisha. Nilisimama nikamwambia niliyoyasema kule, yote, bila kupunguza. Aliendelea kubangua mpaka nikamaliza. Kisha akanawa mikono, akamshika mbuzi, akafungua mdomo wake, akatazama masikio, akainua kwato moja moja.

"Amekonda."

"Hajakonda."

"Hapa mgongoni."

"Chupa asubuhi na jioni bado," nilisema. "Joto la mkono. Asipewe mabibo."

"Wamesikia wangapi?"

"Kumi na saba."

"Na Kurwa alipokatwa, walisikia wangapi?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimesimama pale mbele kabisa. "Shule nzima. Mstarini."

"Basi bado," alisema Mama Kurwa, akamfunga mbuzi wake.

Jumatatu, 28 Novemba

Banda limekuwa kubwa. Mkaguzi ananitazama kama siku ya kwanza.

Tangu jana yule mdogo analia ng'ambo. Anakataa chupa kwa mkono mgeni. Nilijikalisha uani nikachambua mchele uleule mara tatu. Mara sauti ikatoka kwenye minyaa.

"Analia."

"Nasikia," nilisema.

"Unasikia, na umekaa."

Nilikwenda. Aliniletea kigoda, akakiweka mbali, nikakisogeza mwenyewe. Mbuzi alimaliza chupa nzima. Wakati wote huo Mama Kurwa alitazama vidole vyangu, namna ninavyoinamisha chupa. Jioni alimnywesha yeye. Mbuzi alikunywa nusu.

Ijumaa, 2 Desemba

Shule imefunga muhula leo. Nilimwomba mwalimu mkuu dakika tano mstarini. Alidhani nataka kuwaaga watoto rasmi, akaniruhusu kwa makofi.

Nilisimama palepale nilipokuwa nasimama. Nilisema kwamba mwaka 1990 palikuwa na msichana hapa anaitwa Kurwa, wa pili darasani, na alibakiza wiki saba kufanya mtihani wake wa mwisho. Mama yake aliniomba wiki hizo nikamnyima, na nilikuwa na uwezo wa kumpa. Nilisema lile lilikuwa kosa langu, si la Kurwa na si la mama yake. Watoto wengi hawakuelewa. Wa mbele wakanong'onezana, wa nyuma wakacheka, kwa vile mwalimu akikosa ni kichekesho. Walimu wote walitazama chini. Mwalimu mkuu alikohoa mpaka nikashuka.

Mama Kurwa alikuwa amesimama nje ya uzio, barabarani, kamba ya mbuzi mkononi. Sijui nani alimwambia. Nilipotazama tena alikuwa ameshageuka, anakwenda zake polepole, maana mbuzi alikuwa anasimama kila kichaka.

Daftari sikumrudishia mwalimu mkuu. Kukiri kosa moja kwa siku kunatosha.

Jumamosi, 3 Desemba

Mvua bado. Bondeni foleni imefika barabarani, nimerudi na dumu tupu.

Asubuhi nimekuta ndoo pembeni mwa ua, imejaa, imefunikwa ungo. Yeye amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Shikamoo hakunipa. Nilimwambia Mkaguzi ameshakunywa jana, anaweza kungoja.

"Si ya mbuzi," alisema. "Hayo ni ya kuoga. Unanuka."

Nimeoga. Ndoo nzima.